Kodi ya Nyumba na Mfuko wa Serikali

Wasomaji wenzangu, fikirini mama mjane wa Buyenzi aliyeachiwa nyumba na marehemu mumewe. Nyumba anayo, lakini fedha zake ni zile za ndagala anazouza sokoni. Kodi ya nyumba ikifika hutazama ukubwa wa nyumba, wala haitazami mkoba wake. Je, nani awezaye kumpunguzia?

Serikali ya mitaa yaweza, lakini si bure. Kodi ya nyumba, pamoja na ushuru wa soko, husaidia kulipia kazi za mahali: njia, mifereji, shule. Kodi ikipunguzwa, sharti fedha zitoke pengine, au kazi zisimame. Hapo ndipo msaada wa serikali kuu unapohitajiwa.

Hapa Burundi, katika mwaka wa fedha wa 2018-2019, serikali kuu ilianza kuzipa tarafa zote 119 za wakati ule faranga milioni 500 kila moja kwa mwaka. Jumla yake ni faranga bilioni 59.5. Fedha hizo zilikusudiwa miradi ya maendeleo, kwa hiyo hazikumpunguzia mjane kodi moja kwa moja. Lakini tarafa iliyojengewa shule kwa fedha ya serikali hupata nafasi ya kuwahurumia walipa kodi wake.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme tarafa moja ina watu 20,000, na nyingine ina watu 100,000. Ya kwanza hupata faranga 25,000 kwa kila mtu. Ya pili hupata 5,000 tu. Tarafa zimepewa sawasawa, lakini watu hawakupata sawasawa. Na Bujumbura, mji wenye watu wengi kuliko yote nchini, ulikuwa na tarafa 3 tu: Muha, Mukaza na Ntahangwa.

Jirani zetu wa Kenya wana njia nyingine. Katiba yao ya 2010 yaagiza kaunti zote 47 zipewe kwa jumla si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na katika kuzigawa hutazamwa pia idadi ya watu na umaskini.

Mwaka 2025 tarafa zetu zilipunguzwa zikawa 42. Kila moja ina watu wengi zaidi, basi hesabu ile ina uzito zaidi. Tukisikia fedha zimegawanywa, tuulize mambo mawili: zitawafaa watu wangapi? Na yule mjane wa Buyenzi, amepata nafuu?