Kutoona Usiku: Ni Lishe au ni Urithi?

Tulipotembelea Kirongwe, kaskazini mwa Kisiwa cha Mafia, mama mmoja alituambia kuwa mwanawe huona vizuri mchana, lakini magharibi ikiingia anajikwaa ovyo. Akatuuliza: "Ni nani aliyetufanyia haya?" Kwa kuwa kamati zetu hukutana mara nyingi na swali hili, tunalijibu hapa.

Nyuma ya jicho upo utando mwembamba uitwao retina. Baadhi ya seli zake, zenye umbo la fito, hutuwezesha kuona gizani. Ndani yake imo rodopsini, ambayo ni muungano wa protini na retinali, kitu kitokanacho na vitamini A. Mwanga ukiipiga, retinali hubadilika umbo na ubongo hupata taarifa. Kisha jicho huirudisha retinali katika umbo la awali ili itumike tena.

Mtoto asipoona usiku, sababu mbili ni muhimu kuzitofautisha. Ya kwanza ni upungufu wa vitamini A. Huu hutibika ukiwahiwa. Ndiyo maana watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba. Mchicha, kisamvu, maembe, papai na viazi lishe husaidia pia.

Ya pili ni ugonjwa wa kurithi uitwao retinitisi pigmentosa, unaompata takriban mtu 1 kati ya 4,000 duniani. Hapa vitamini ipo, ila jeni, yaani maelekezo ya urithi, ina kasoro. Seli za fito hufa polepole, na uwezo wa kuona pembeni hupungua. Mara nyingi baba na mama wote wamebeba jeni moja yenye kasoro na nyingine nzima, nao wanaona vizuri. Kila mtoto wao ana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kurithi kasoro zote mbili. Basi si uchawi, wala si kosa la mama.

Desemba 2017 Marekani iliidhinisha tiba ya jeni kwa wenye kasoro katika jeni ya RPE65, inayohusika na kuirudisha retinali. Bei iliyotangazwa ilikuwa dola 850,000 kwa macho mawili, na aina nyingine nyingi za ugonjwa huu bado hazina tiba.

Tufanye nini basi? Kwanza, mtoto asiyeona usiku apelekwe kituo cha afya mapema, asipewe dawa za kubahatisha. Pili, ikibidi, kamati isaidie nauli ya boti kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, na ya gari hadi Dar es Salaam, akapimwe retina Muhimbili au CCBRT. Tatu, ikithibitika ni urithi, asiachishwe shule: akae mbele darasani na afundishwe mapema kutumia fimbo nyeupe.

Wafadhili wetu wapendwa, nauli hiyo ni ndogo, lakini bila hiyo mtoto ambaye angepona kwa vitamini anaweza kupofuka.