Karavani Nyuma, Kitonga Mbele: Liandae Gari Kabla ya Likizo

Mambo yamewanyookea. Pingu za maisha mmeshafunga, kazi zinaenda, Prado lenu la mtumba kutoka Japani linang'aa uani. Sasa mmoja wenu kaja na wazo tamu: mnunue karavani ndogo, mfunge nyuma ya gari, likizo iwe Mikumi, Iringa mpaka Mbeya bila kuulizia bei ya hoteli. Wasauzi wanakuja hadi huku na nyumba zao za magurudumu. Kwa nini isiwe nyie?

Kasheshe inaanzia gereji. Kaka anataka gari "lichanje mbuga": chipu, ekzosi kubwa, mbwembwe zote. Bibie anauliza, mbona hela yote inaishia kwenye injini? Leo tunampa bibie pointi tatu. Kupanda Kitonga na karavani ni kazi, lakini kushuka ndiko kunakoua. Kwa hiyo mpango wa matumizi uwe hivi: uzito, breki, upoaji, halafu ndiyo nguvu.

Pimeni mzigo, msikadirie

Fungueni kitabu cha gari mwone linaruhusiwa kuvuta kilo ngapi. Kuna namba mbili: ya tela lenye breki zake na ya tela lisilo na breki, na hiyo ya pili ni ndogo sana. Kisha pelekeni karavani kwenye mizani ikiwa imejaa vitu, siyo tupu. Lita 100 za maji ni kilo 100. Mtungi wa gesi wa kilo 15, ukijumlisha na chuma chake, unakaribia kilo 30. Bado viti, jenereta na yale masanduku matatu ya nguo ya wiki moja (bibie, hapo pointi moja tunairudisha!).

Mzigo mzito uwekeni chini, karibu na ekseli. Sehemu inayokaa kwenye ndoano ya gari iwe kama asilimia 10 ya uzito wa karavani. Ya kilo 1,200 ikandamize kilo 120 hivi. Ikiwa nyepesi mno, karavani itaanza kucheza mkia. Ikizidi, gari litakaa kitako, matairi ya mbele yatakosa kushika barabara vizuri na taa zitamulika mbinguni. Springi za nyuma zikiwa zimechoka, badilisheni. Na kumbukeni, zile kilo 120 ni mzigo wa gari pia, kama vile mmempakia abiria mnene.

Breki zisimame na wote wawili

Breki za Prado zilitengenezwa kulisimamisha Prado. Huko Afrika Kusini na Ulaya, tela linalozidi kilo 750 lazima liwe na breki zake. Hata kama trafiki wa kwenu hajawahi kukuuliza, jiwekee sheria hiyo mwenyewe. Breki za umeme zenye kidhibiti karibu na usukani ni nzuri zaidi, maana dereva anaweza kuikamata karavani peke yake. Badilisheni mafuta ya breki pia. Yakizeeka hunyonya unyevu, yakipata moto huchemka, na pedali inazama hadi chini bila gari kusimama.

Ipozeni injini

Prado za miaka ya 1990 zenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE, lita 3.0 na tabo, zinafahamika kwa kupasuka silinda hedi zikichemka. Ukivuta karavani mlimani unaitafuta balaa hiyo kwa tochi. Rejeta isafishwe au ibadilishwe, feni ikaguliwe, mabomba ya maji yawe mapya. Kama gari ni otomatiki, fungeni kipozeo cha ziada cha mafuta ya giaboksi. Halafu mlimani zimeni ovadraivu, gia zisiwe zinapanda na kushuka ovyo na kuzidisha joto.

Sasa, nguvu

Haya kaka, zamu yako. Anza na bei chee: filta mpya za hewa na dizeli, nozeli zipimwe, upepo wa matairi uwe sawa. Kama gari lina tabo lakini halina intakula, kuifunga kunasaidia, kwa sababu hewa iliyopoa inaingia nyingi zaidi kwenye silinda. Injini isiyo na tabo, kama 1HZ ya Land Cruiser, hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila mnapopanda mita 1,000, na Iringa iko kama mita 1,600 juu ya bahari. Chipu inaongeza mvuto kweli, ila inaongeza na joto. Usiifunge bila geji ya joto la ekzosi.

Njiani

Mwendo wa 80 unatosha. Ukitoka 80 kwenda 100, upinzani wa upepo unapanda kwa zaidi ya nusu, na dizeli inaondoka hivyohivyo. Kwenye mteremko ingieni na gia ndogo tangu juu, msisubiri breki zinuke. Karavani ikianza kuyumba, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani uwe wima, na kama una kidhibiti, kamata breki za karavani peke yake. Usikanyage breki za gari kwa nguvu, na usijaribu kuikimbia.

Kabla ya safari kubwa, jazeni karavani kama vile mnakwenda Mbeya, kisha nendeni Bagamoyo mrudi. Mmoja aendeshe kwenda, mwenzake kurudi. Kama mmoja wenu atashuka roho ikiwa mkononi, punguzeni mzigo au rudini kwa fundi. Msibishane hapo.

Safari njema, wapendanao. Na picha mtutumie!