Barafuto na Wageni Wake (Sehemu ya Pili): Mwongozaji Anauza Neno "Hapana"

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi theluji isiyoyeyuka inavyorundikana mwaka baada ya mwaka, ikashindiliwa kwa uzito wake yenyewe hadi ikawa barafu, na jinsi lundo hilo likishakuwa nene linavyoanza kuteremka bondeni polepole. Hiyo ndiyo barafuto. Leo tunageukia biashara iliyoota juu yake. Kila mwaka watalii wengi ambao hawajawahi kukanyaga barafu maishani mwao hulipa fedha huko Iceland, New Zealand na kwenye milima ya Alps ili watembezwe juu yake kwa saa chache, na wachache zaidi hufanya hivyo Rwenzori, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Wanalipia nini hasa? Wengi watajibu kwamba wanalipia kuonyeshwa njia na kuazimwa vifaa. Kwa maoni yangu jibu hilo halitoshi. Vifaa vinaweza kukodiwa popote, na njia yenyewe, kama tutakavyoona, haipo. Kitu cha thamani anachonunua mtalii ni mtu mwenye ujuzi na uhuru wa kumwambia: hapana, leo hatupiti hapa. Uhuru huo ukiondoka, kinachobaki ni matembezi ya hatari yaliyokatiwa risiti.

Tuanzie Sólheimajökull, kusini mwa Iceland, takriban kilomita 160 kutoka mji mkuu wa Reykjavík. Ni ulimi wa barafu unaoshuka kutoka kwenye kofia kubwa ya Mýrdalsjökull, ambayo chini yake umelala mlima wa volkano wa Katla. Mgeni anayetarajia weupe hukuta barafu yenye mistari myeusi ya majivu. Mahali majivu ni membamba, hufyonza joto la jua na kuharakisha kuyeyuka. Yakiwa mazito, huikinga barafu iliyo chini yake, ndiyo maana vichuguu vyeusi huchomoza huku na huko, na ukikwangua kimoja kwa ncha ya sururu unakuta ndani ni barafu tupu. Kabla ya kupanda, mwongozaji hupita kwa kila mtu akikagua kramponi, yaani fremu za meno ya chuma zinazofungwa chini ya buti, na huvuta kamba zake mwenyewe badala ya kumwamini mgeni anayesema ameshafunga. Huwafundisha kutembea miguu ikiwa imeachana kidogo, kwa sababu jino likinasa kwenye pindo la suruali ya mguu wa pili mtu huanguka kifudifudi. Kisha hutangulia na sururu, akichonga ngazi barafuni. Ngazi za jana zimeshalainika. Wakati wa kiangazi barafu ya huku chini hupungua kwa sentimita kadhaa kila siku, na ufa uliorukwa kwa hatua moja juma lililopita huenda leo ukahitaji kuzungukwa. Tangu mwaka 2010 wanafunzi wa shule moja ya jirani wamekuwa wakienda kila msimu wa majani kupukutika kupima umbali ambao barafu imerudi nyuma, na pale ilipokuwa barafu sasa kuna ziwa. Ramani ya mahali kama hapo huchakaa kabla haijatoka kiwandani.

Hapa lipo jambo linalowachanganya wengi. Mtu asiyejua atadhani kwamba sehemu chafu, iliyopasukapasuka, ndiyo ya hatari, na kwamba uwanda mweupe uliotandazwa theluji laini ndio salama. Mambo yako kinyume. Barafu hupasuka inapovutwa, kwa mfano inapopinda au kupita juu ya kigongo cha mwamba, na nyufa hizo huweza kufika kina cha makumi ya mita. Kwenye barafu iliyo wazi nyufa zinaonekana, hivyo zinazungukwa. Juu zaidi, theluji ya msimu huzifunika kwa daraja jembamba ambalo haliwezi kubeba mtu, na macho hayana la kufanya. Ndiyo maana chini kwenye ulimi wageni mara nyingi hawafungwi kamba pamoja, ingawa wamevishwa mikanda ya kiunoni ili atakayetumbukia aweze kuvutwa. Kuwafunga wasiojua juu ya barafu tupu na yenye mteremko kuna maana kwamba mmoja akiteleza atawazoa wenzake. Juu kwenye theluji, kinyume chake, kutembea bila kamba ni wazimu. Kifaa kilekile kinaokoa hapa na kuua pale. Anayetofautisha ni mtu.

Kwamba mtu huyo lazima awe na uwezo wa kukataa, lilifahamika zamani, na kwa gharama kubwa. Mwezi Agosti 1820 Dakta Joseph Hamel, mwanasayansi aliyehusiana na kasri ya mfalme wa Urusi, alikuwa akipanda mlima wa Mont Blanc, katika Alps, pamoja na Waingereza wawili na kundi la waongozaji wa Chamonix, mji ulio chini ya mlima huo. Hali ya hewa iliharibika, wakakwama njiani. Inasimuliwa kwamba waongozaji walisita kuendelea, na kwamba bwana mkubwa hakutaka kusikia habari za kurudi. Waliendelea. Poromoko la theluji likawakumba na kuwasukumia kwenye ufa. Waongozaji watatu hawakuonekana tena. Mabaki yao yalianza kutokeza mwaka 1861 mwishoni mwa barafuto ya Bossons, chini kabisa bondeni, na mtaalamu wa Kiskoti James Forbes, aliyekuwa amepima mwendo wa barafu, alikwisha kukadiria kwamba itachukua miaka ipatayo arubaini. Wanasayansi hulitaja tukio hilo kama ushahidi kwamba barafuto hutembea. Mimi naona linashuhudia jambo la pili pia: aliyejua alikuwa na shaka, aliyelipa hakuwa nayo, na neno la aliyelipa likashinda.

Mwaka uliofuata, 1821, Chamonix ikaanzisha kampuni ya waongozaji, ambayo ipo hadi leo. Wengi huikumbuka kwa fahari ya ukongwe wake, lakini kinachostahili kutazamwa ni masharti yake. Bei ziliwekwa bayana. Kazi ilitolewa kwa zamu: mgeni akifika anapewa aliye wa kwanza kwenye orodha. Ulikuwapo pia mfuko wa kusaidia wahanga na familia. Yatazame masharti hayo kwa jicho la hoja yetu. Kama mgeni hawezi kuchagua, basi hawezi kumkimbia anayekataa na kumfuata anayekubali kila kitu. Kama bei imepangwa, hakuna wa kushusha bei ili ajipatie safari ya hatari. Wapandaji wa Kiingereza waliupinga sana utaratibu wa zamu, nao hawakukosa sababu, kwa kuwa ulimlazimisha mpandaji hodari kwenda na yeyote ambaye zamu yake imefika, awe stadi au mvivu. Ni pingamizi zito. Hata hivyo dawa ya pingamizi hilo ni mtihani na leseni, ambavyo kazi hii ilivipata baadaye. Kumrudishia tajiri nguvu ya kuamuru si dawa yake.

Kukataa si kwa siku moja moja tu. Barafuto ya Franz Josef, pwani ya magharibi ya kisiwa cha kusini cha New Zealand, inashuka hadi karibu na msitu wa mvua, na kwa miaka mingi wageni waliongozwa kwa miguu kutoka bondeni hadi juu ya barafu. Kufikia 2012 ulimi ulikuwa umerudi nyuma na kuporomoka kiasi kwamba njia ya miguu ikafungwa. Tangu hapo wageni hupelekwa juu kwa helikopta. Mtu anaweza kuwacheka waliokimbia joto la dunia kwa kuchoma mafuta ya ndege, na kicheko hicho nakielewa. Lakini kuhusu usalama uamuzi ulikuwa sahihi, na ulichukuliwa na watu ambao riziki yao ilitegemea njia ileile waliyoifunga. Katika barafuto jirani ya Fox, Januari 2009, watalii wawili ndugu, ambao hawakuwa na mwongozaji, walivuka kamba ya kuzuia watu ili wasogelee ukuta wa barafu, ukawaangukia. Kamba haibishani na mtu.

Hapo msomaji mkali atasema: mbona waongozaji nao hufa, pamoja na wageni wao? Ni kweli. Tarehe 3 Julai 2022 kipande kikubwa cha barafuto ya Marmolada nchini Italia kilimeguka na kuua watu 11, wakiwamo wazoefu wa milima, hata mwongozaji. Joto la siku hizo lilikuwa la kushangaza, lakini njia ilikuwa wazi na wengi waliiona ya kawaida. Hapa nakubali mpaka wa hoja yangu: ujuzi hukataa kile unachokitambua, na barafu inayopashwa joto isiyolizoea inaanza kufanya mambo ambayo ujuzi wa jana haukuyaona. Lakini hilo linaongeza haja ya kukataa mapema zaidi, hata kwa shaka ndogo.

Mfano wa Iceland wa tarehe 25 Agosti 2024 unafundisha zaidi, kwa sababu hatari yake ilijulikana. Kundi la watalii 23 na waongozaji wao lilikuwa kwenye barafuto ya Breiðamerkurjökull, katika hifadhi ya Vatnajökull, wakitazama pango la barafu. Kuta zikaanguka, Mmarekani mmoja akafa na mwenzake akajeruhiwa. Waokoaji walichimba hadi siku iliyofuata wakiwatafuta watu wawili wengine, kisha ikabainika kwamba watu hao hawakuwapo kabisa: orodha ya kampuni ilisema 25. Mapango ya barafu huchongwa na maji, na msimu wake unaokubalika ni majira ya baridi, maji yanapoganda na kuta kukakamaa. Kuyaingia mwezi Agosti, barafu ikitiririka, kulikuwa kumeshalalamikiwa na wataalamu kabla ya siku hiyo. Je, walikosekana watu wa kusema hapana? Hawakukosekana. Kilichokosekana ni utaratibu wa kulipa neno hilo uzito, kwa kuwa mgeni aliyekuja kiangazi anataka pango kiangazi hichohicho, na anayekataa huiachia kampuni ya jirani mteja huyo. Baada ya ajali safari za mapangoni zilisimamishwa kwa muda na masharti yakakazwa. Ni yaleyale ya Chamonix, miaka mia mbili baadaye.

Wapo pia watakaosema kwamba haya ni mambo ya wasiojua, na kwamba mpandaji hodari hahitaji kushikwa mkono. Simbishii aliyejifunza kweli. Huyo amebeba "hapana" yake mwenyewe. Ninachotilia shaka ni hesabu anayoifanya mtu aliyepanda milima mingi mikavu na kudhani ustadi ule unahamia kwenye barafu. Nahodha wa Pemba hangojei abiria amwambie kama upepo unafaa, na abiria aliyewahi kuvuka mara ishirini hajawa nahodha kwa hilo.

Tuje kwetu, maana suala hili si la Wazungu peke yao. Kilimanjaro njia za kawaida hazipiti juu ya barafu. Mgeni huitazama tu. Lakini barafu humfikia hata asipoikanyaga. Januari 2006 mawe yaliyoachiwa na barafu inayoyeyuka yaliporomoka kwenye njia ya Western Breach, karibu na mabaki ya barafuto ya Arrow, yakaua Wamarekani watatu, na njia ikafungwa kwa muda. Rwenzori ni tofauti. Anayetaka kilele cha Margherita, mita 5,109, mpakani mwa Uganda na Kongo, hutoka kwenye kibanda cha Elena usiku wa manane, hufunga kramponi na kamba, kisha huvuka barafu yenyewe nyuma ya mwongozaji, ambaye mara nyingi ni Mkonzo wa miteremko ileile. Vipimo vya picha za setilaiti vilionyesha kwamba barafu ya Rwenzori ilipungua kutoka kilomita za mraba 2.01 mwaka 1987 hadi 0.96 mwaka 2003, na imeendelea kupungua. Kadiri inavyosinyaa ndivyo kingo zake zinavyozidi kuwa kali, nyufa zikifunguka pale palipopitika, na mwamba ulio wazi, wenye utelezi, ukitokeza kati ya kipande na kipande.

Katika milima yetu mwongozaji ni lazima kwa kanuni za hifadhi, jambo ambalo nchi nyingi za barafu hazina. Tumefaulu hapo. Lakini kanuni inayomlazimisha mgeni awe na mwongozaji haijampa mwongozaji uhuru wa kumrudisha mgeni. Sehemu kubwa ya kipato chake ni bakshishi, na bakshishi hutoka mkononi mwa mtu ambaye amelipa maelfu ya dola, ana siku chache za likizo, na amewaahidi ndugu zake picha ya kileleni. Mwongozaji anayemgeuza mtu huyo saa kumi za usiku, zikiwa zimebaki mita mia mbili, anajikata riziki. Baadhi hufanya hivyo hata hivyo, na heshima yao ni kubwa kuliko mshahara wao. Basi anayepanga safari ya barafuni aanze kwa kuuliza kampuni maswali mawili ambayo hayamo kwenye vipeperushi: mara ya mwisho mlighairi safari lini, na mwongozaji alilipwaje siku hiyo? Kampuni inayoweza kujibu yote mawili bila kubabaika imeshafikiria jambo hili. Namna mfuko wa pamoja wa bakshishi, wenye malipo sawa kwa aliyefika na aliyerudi, unavyoweza kupangwa katika hifadhi zetu ndiyo mada ya sehemu ya tatu.