Piano Inayojipiga na Siri ya Milimita Kumi

Kibao cha piano kinapobonyezwa hushuka takriban milimita 10 tu, na ndani ya safari hiyo fupi kila kitu huamuliwa. Nyundo ndogo iliyovikwa sufi huruka na kugonga nyuzi. Ikienda polepole sauti hutoka laini. Ikienda kasi, sauti hunguruma. Mafundi wa piano zinazojipiga wamehangaika na kasi hiyo kwa zaidi ya miaka 100.

Pianola, mashine ya kupiga piano aliyoibuni Edwin Votey huko Detroit mwaka 1895, ilifuata matundu ya karatasi, huku mtu akikanyaga mivukuto. Tundu lilionyesha noti ipi ipigwe na wakati gani, lakini si kwa nguvu kiasi gani. Mwaka 1904 kampuni ya Welte, ya Freiburg nchini Ujerumani, ilitoa mtambo ulioweza kuhifadhi hata ukali na upole wa mpigaji. Watunzi wa muziki Debussy na Mahler waliurekodia. Kisha redio na santuri zikaziweka mashine hizo kando.

Zilirudi na umeme. Katika Disklavier, piano inayojipiga ya Yamaha ya miaka ya 1980, chini ya mkia wa kila kibao kuna koili ya waya. Umeme ukipita, kijiti cha chuma huchomoka juu na kuusukuma mkia. Upande wa mbele unazama kana kwamba kuna kidole. Kugonga kwa nguvu ni rahisi. Kazi ngumu ni mnong'ono: umeme ukipungua kidogo tu, nyundo haifiki kwenye nyuzi. Kwa hiyo vitambuzi vya mwanga hufuatilia mwendo wa vibao, na kompyuta hurekebisha umeme papo hapo.

Maelekezo hayo huhifadhiwa kama data. Mfumo wa MIDI wa kuunganisha ala za kielektroniki, uliotoka mwaka 1983, ulitambua viwango 127 tu vya nguvu. Disklavier Pro, toleo la juu la Disklavier, inatambua 1,024, na kanyagio lake lina nafasi 256. Spirio, piano inayojipiga ya Steinway iliyotoka mwaka 2015, inakaribiana nayo.

Usahihi huo umewafikia hata waliokufa. Kampuni ya Zenph ilichambua kwa kompyuta rekodi ya mpiga piano Glenn Gould ya mwaka 1955, akipiga Goldberg Variations za Bach, ikakadiria nguvu ya kila kidole, kisha Disklavier Pro ikaipiga upya. Sony iliitoa rekodi hiyo mwaka 2007, miaka 25 baada ya Gould kufariki. Sehemu yake moja ilirekodiwa kwa maikrofoni zilizowekwa mbele ya piano, pale ambapo masikio ya mpigaji yangekuwa.