Siri ya Tarakilishi Yangu

Kupenda kitu ni jambo moja. Kukiri mbele ya jamaa zako kwamba wakipenda ni jambo jingine kabisa. Zipo siri ambazo mtu huzificha kwa kuwa zina madhara, na zipo anazozificha kwa kuchelea kuchekwa tu. Yangu ilikuwa ya aina hii ya pili: kwa miaka kadhaa sasa, tarakilishi yangu huzungumza nami kwa Kiswahili.

Msomaji huenda akauliza: kuna siri gani hapo kwa mhadhiri wa isimu? Azijuaye nyumba zetu hatauliza. Aghalabu Kiswahili ni lugha ya salamu, ya soko na ya utani, ilhali kila chombo chenye umeme ndani yake hudhaniwa kuwa ni milki ya Kiingereza. Kwa hivyo kila mtoto alipotaka kuiazima mashine yangu, nilitangulia kuigeuza lugha.

Majuzi sikuigeuza. Binti yangu aliye kidato cha tatu aliiwasha, akaona “Hifadhi”, “Hariri” na “Futa”, akaangua kicheko.

“Baba, kwani hii ni ya darasa la kwanza?”

Nikawaeleza wote kwamba hivyo ndivyo niipendavyo. Mama yao, ambaye ni mwalimu, hakucheka. Aliuliza swali zito zaidi: “Baba watoto, mtihani wa somo hili huandikwa kwa Kiingereza. Watoto watafaidika nini?”

Swali hilo lastahili jibu. Dhana ikishaeleweka haipotei kwa kubadilishiwa jina. Mtoto ambaye kila siku husikia akiambiwa “futa ubao” hahitaji kufafanuliwa kitakachotokea akibonyeza “Futa”. Neno “hifadhi” nalo lina mizizi mirefu: twahifadhi wanyama mbugani, na mwanafunzi wa madrasa huhifadhi Kurani moyoni. Maana ya kuweka kitu kisipotee tunayo tayari. Aliyeipata hapo hatashindwa kujifunza neno la Kiingereza litakalotumiwa katika mtihani.

Wala nyenzo si ngeni. Mwaka 2004 mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na kutolewa bila malipo. Leo hata simu nyingi tunazozibeba mifukoni zina Kiswahili miongoni mwa lugha zake. Kinachopungua ni ujasiri wa kukichagua.

Sisemi kwamba hakuna kasoro. Sisi twasema tarakilishi, ndugu zetu wa Tanzania husema kompyuta. Tafsiri nyingine ni nzito, na zipo programu zinazochanganya lugha mbili katika ukurasa mmoja. Lakini istilahi hukomaa kwa kutumiwa, si kwa kufungiwa kamusini. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo utafaa nini ikiwa twauonea haya sebuleni petu?

Mama watoto bado ana shaka kuhusu mtihani, nami namwelewa. Hata hivyo, nawasihi walimu na wanafunzi wajaribu kwa juma moja tu, tena mbele ya watu. Lugha inayofichwa na wenyewe, nani mwingine ataidhihirisha?