Mgongo wa daktari nao watibiwe

SISI wafanyabiashara wa Rusumo tunajua thamani ya mgongo. Mpagazi akiumia kiuno, magunia hubaki chini na lori halipakiwi. Sikujua kuwa hata hospitalini mambo ni hayo hayo, hadi nilipompeleka kaka yangu Dar es Salaam.

Macho ya kaka yaligeuka manjano kwa sababu njia ya nyongo ilikuwa imeziba. Tuliambiwa hatapasuliwa tumbo. Daktari angepitisha sindano na mrija mwembamba kwenye ini, huku akiongozwa na picha za eksirei katika skrini. Kazi hiyo huitwa tiba radiolojia. Muhimbili walianza kufundisha wataalamu wake mwishoni mwa muongo wa 2010, wakishirikiana na madaktari kutoka Marekani. Zamani wengi wenye uwezo walikimbilia India.

Hospitali tuliyokwenda sisi, ambayo sitaitaja, ilikuwa na daktari mmoja tu wa kazi hiyo. Asubuhi ya zamu yetu muuguzi akaja na habari: "Poleni, daktari ameshikwa na kiuno." Tukasubiri siku mbili, kaka akijikuna usiku kucha.

Mzigo usiotuliwa

Daktari aliporudi nilimpa pole, nikamwuliza kilichomsibu. Akacheka. "Mama, hata mimi ni mpagazi, ila mzigo wangu siutui mpaka mgonjwa atoke."

Akanionyesha vazi lake la kuzuia mionzi, lililotengenezwa kwa madini ya risasi. Mavazi ya namna hiyo huwa na uzito wa kilo 5 hadi 7. Huvaliwa saa nyingi, mvaaji akiwa amesimama na kuinama. Skrini ya chumba chake ilikuwa juu, pembeni, hivyo shingo ilikaa imepinda muda wote.

Alinieleza kuwa dawa inajulikana. Skrini iwe mbele ya daktari, katikati yake ikiwa chini kidogo ya usawa wa macho. Kitanda kiinuliwe hadi karibu na usawa wa kiwiko. Vazi liwe la vipande viwili, koti na sketi yenye mkanda, ili sehemu ya uzito ihamie nyonga. Kati ya mgonjwa na mgonjwa apumzike, avue. Na kila inapowezekana asogee nyuma, kwani umbali ukiwa mara mbili, mionzi hushuka hadi karibu robo.

Kuinua kitanda hakuna gharama. Skrini ya kusogezwa na vazi jipya vinahitaji fedha, na barua yake ya maombi ilikuwa bado ofisini.

Kaka alitibiwa siku hiyo, kitanda kikiwa kimeinuliwa. Macho yalikuwa yameanza kuwa meupe tulipovuka daraja la Rusumo kurudi nyumbani.

Hospitali zetu nazo zinanunua mashine za picha. Wanaopanga bajeti wasisahau mgongo wa atakayesimama mbele ya mashine hizo. Ukikatika, foleni ya India itarudi.