Hosta, ndugu wa mkonge anayekimbia jua

Mkulima wa mkonge kule Tanga akiambiwa kwamba zao lake lina ndugu asiyevumilia jua la mchana, pengine atadhani anataniwa. Ndivyo ilivyo, hata hivyo. Hosta, mmea wa majani mapana unaopendwa sana katika bustani za Japani, Uingereza na Marekani, na mkonge ulioletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ni wa familia moja ya mimea, ile ya asparaga, na hata ndani ya familia hiyo imewekwa tawi moja. Zamani hosta ilihesabiwa pamoja na mayungiyungi kwa sababu ya umbo la maua yake. Wanasayansi wa miaka ya 1930 waliotazama seli kwa hadubini ndio walioanza kulitilia shaka jambo hilo: walikuta kromosomu 60, chache kubwa na nyingi ndogo mno, mpangilio ule ule wa jamii ya mkonge.

Kwa macho matupu udugu huo hauonekani. Mkonge una miiba, ngozi ngumu na ustahimilivu wa ukame. Hosta ina majani laini yanayotandaa kuzunguka shina fupi lililojificha udongoni, inataka maji mengi, na kila baridi inapoingia majani yote hunyauka, mmea ukatoweka juu ya ardhi mpaka majira ya kuchipua. Mswahili aliyehamia Minneapolis au Toronto huiona mbele ya nyumba za majirani, upande ule wa kaskazini ambako nyasi zimekataa kuota. Aprili anaweza kudhani tuta limeachwa wazi. Wiki chache baadaye machipukizi yenye ncha kali, mengine ya zambarau, yanachomoza udongoni, na kufikia Juni hapapiti hata mguu.

Kwao ni Japani, Korea na China. Porini huota kando ya vijito, kingoni mwa misitu yenye unyevu na hata kwenye nyufa za miamba iliyolowa. Mzungu wa kwanza kuieleza kwa maandishi alikuwa Engelbert Kaempfer, daktari Mjerumani aliyefanya kazi na kampuni ya Waholanzi huko Nagasaki kati ya 1690 na 1692. Hosta ya kwanza kuoteshwa Ulaya haikutoka Japani bali China: ni Hosta plantaginea, yenye maua meupe yanayonukia, ambayo mbegu zake zilifika Paris katika miaka ya 1780. Jina lenyewe lilitolewa mwaka 1812, kumheshimu daktari na mwanabotania wa Austria, Nicholas Thomas Host.

Aliyezisambaza kwa wingi ni Philipp Franz von Siebold, na kisa chake kinastahili filamu. Mjerumani huyu alifika Nagasaki mwaka 1823 kama daktari wa kituo cha Waholanzi, wakati Japani ilikuwa imewafungia milango karibu wageni wote. Alifundisha utabibu, akakusanya mimea, akapata binti, Ine, ambaye baadaye akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Japani kuwa madaktari wa tiba ya kimagharibi. Kisha akakutwa na ramani za nchi, kitu kilichokatazwa kabisa kumilikiwa na mgeni. Alituhumiwa ujasusi, akafukuzwa mwaka 1829. Mimea yake ilifika Uholanzi, hosta zikiwemo, na mji wa Leiden ukawa lango lao la kuingilia Ulaya. Hosta sieboldiana, yenye majani makubwa ya rangi ya kijivu-buluu, inabeba jina lake hadi leo.

Wamarekani walichelewa, lakini walipoingia waliingia kwa kishindo. Mwaka 1936, Frances Williams, msanifu wa bustani kutoka Massachusetts, alikuwa akipita katika kitalu kimoja cha Connecticut alipoona, katikati ya mstari wa miche ya sieboldiana, mmoja wenye ukingo wa manjano kuzunguka majani. Aliununua, akaupeleka nyumbani kwake. Kipande chake kilifika hadi bustani ya mimea ya Chuo Kikuu cha Oxford, na huko ndiko ulikopewa jina la mwanamke huyo. Kwa miongo mingi ‘Frances Williams’ ilikuwa hosta iliyosifiwa kuliko zote.

Kilichotokea kwenye mche ule hutokea mara nyingi, na ndicho kinachowapa wapenzi wa hosta ugonjwa wa kuchungulia kila chipukizi. Tabaka moja la seli katika ncha ya chipukizi hupoteza au kubadili uwezo wa kutengeneza kijani, na jani linalotoka huwa na ukingo au kitovu cha rangi nyingine. Mwenye bustani akikitenga kipande hicho na kikabaki hivyo miaka kadhaa, ana aina mpya mkononi. Chama cha Hosta cha Marekani kiliundwa mwaka 1968, na tangu hapo aina zilizosajiliwa zimefika maelfu. Ziko ‘Blue Mouse Ears’, zenye majani madogo manene ya kuingia kwenye chungu kidogo, na iko ‘Empress Wu’, inayofika zaidi ya mita moja kwenda juu. Katikati hapo kuna majina mengi mno, na mengine, kusema kweli, yanatofautiana kwa upana wa ukingo mweupe tu. Anayeanza asihangaike nayo; aina tatu au nne zenye majani ya ukubwa tofauti zinatosha kupendezesha kona nzima.

Rangi ya buluu ndiyo inayowadanganya wengi. Hakuna rangi hiyo ndani ya jani. Ukipitisha kidole juu ya jani la ‘Halcyon’ mwezi wa Juni, ukasugua kidogo, unabaki mstari wa kijani kibichi na unga mweupe kidoleni. Ni nta. Mmea huitandaza juu ya jani, na mwanga unaorudishwa nayo ndio unaoonekana buluu. Jua kali na joto huiyeyusha, na ikishaisha hairudi mpaka majani ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo hosta za buluu hukaa kwenye kivuli kizito zaidi na humwagiliwa chini, kwenye udongo, si kwa kunyunyizia majani. Za manjano hali yake ni kinyume: bila saa mbili tatu za jua la asubuhi hubaki kijani kilichofifia. Jua la saa nane mchana huwa kali kwa karibu zote. Ukingo wa jani hukauka na kugeuka kahawia, hasa ule mweupe usio na klorofili.

Kivuli nacho kina masharti. Chini ya mti wenye mizizi ya juujuu, kama mepo au betula, hosta hunyang’anywa maji na chakula, ikadumaa mwaka hadi mwaka hadi mwenyewe akadhani mche ulikuwa mbovu. Mahali pazuri ni kando ya ukuta wa kaskazini kwa wanaoishi kaskazini mwa dunia, au chini ya mti wenye mizizi mirefu na matawi yanayopitisha mwanga wa kukatikakatika.

Shimo lichimbwe pana kuliko kina, kwa sababu mizizi ya hosta hutambaa pembeni zaidi ya kwenda chini. Upana wa mara mbili ya chungu ulichonunulia mche unatosha. Udongo unaotoka uchanganywe na mboji iliyoiva vizuri, na ukiwa wa mfinyanzi unaoshika maji uongezewe nyingi zaidi. Mizizi iliyojizungusha ndani ya chungu ifunguliwe kwa vidole. Kisha mche uwekwe ili pale majani yanapoanzia pawe sawa na uso wa ardhi. Ukizikwa chini zaidi, huoza. Baada ya hapo ni maji, kiasi cha milimita 25 kwa wiki, na matandazo ya majani yaliyosagwa yenye unene wa sentimita tano hivi, yasiyogusa shina. Nafasi kati ya mche na mche hutegemea aina, na hapa wengi hukosea kwa kuhurumia tuta linaloonekana tupu: hosta kubwa huhitaji miaka mitano au zaidi kufikia kimo chake, na wakati huo itataka mita nzima au zaidi ya upana.

Kugawa kichaka hufanywa machipukizi yanapokuwa na urefu wa kidole, kabla majani hayajafunguka. Uma wa bustani huingizwa pembeni, kichaka kinanyanyuliwa chote, udongo unaoshwa kwa mpira wa maji mpaka kila chipukizi na mizizi yake vionekane. Kisu kikali hupita katikati. Kila kipande kibaki na machipukizi mawili au matatu na mizizi ya kutosha. Hosta zinasamehe mengi katika kazi hii, ila jambo moja hazilisamehe, nalo ni kisu kichafu.

Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walitambua kirusi kilichopewa jina la kirusi X cha hosta. Huenea kwa utomvu, maana yake kwa mikono na visu vya binadamu, na dalili zinaweza kuchukua miezi au hata miaka kujitokeza. Rangi ya jani huvuja kufuata mishipa, na mara nyingine jani hujikunja na kufanya makovu. Kabla ugonjwa haujajulikana, mabaka hayo yalionekana mapambo. Baadhi ya mimea iliyougua ilipewa majina na kuuzwa kama aina mpya: ‘Breakdance’, ‘Leopard Frog’, ‘Lunacy’. Watu walilipia kirusi, wakakipanda wenyewe, kisha wakakigawia majirani kwa kisu kimoja. Dawa haipo. Mmea ulioambukizwa hung’olewa na mizizi yake yote na kutupwa, na kisu husafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu kila unapotoka kichaka kimoja kwenda kingine.

Adui anayejulikana zaidi, hata hivyo, ni konokono, wenye gamba na wasio nalo. Hutoka usiku, hasa baada ya mvua, na asubuhi majani yana matundu. Jani likiliwa bado limejiviringisha, tundu moja hufunguka likawa mstari wa matundu. Uingereza ilipiga marufuku vidonge vya metaldehaidi bustanini kuanzia Aprili 2022, kwa sababu ya madhara yake kwa ndege na wanyama. Vilivyobaki ni vya fosfeti ya chuma. Ganda la yai, mkanda wa shaba, kokoto na sufu, dawa za bibi zinazosifiwa kila mwaka, zilijaribiwa na Jumuiya ya Kifalme ya Bustani ya Uingereza kwenye saladi na matokeo yalitangazwa 2018: hazikuleta tofauti ya maana. Kuwaokota usiku kwa tochi na ndoo hufanya kazi. Kuchagua majani manene, kama ya ‘Sum and Substance’ au ‘Halcyon’, husaidia zaidi, kwa kuwa konokono huanza na yaliyo laini. Marekani kuna pia kulungu, ambao hula kichaka chote usiku mmoja na kuacha vikonyo tu.

Je, inaweza kupandwa Limuru au Lushoto? Hapo jibu ni gumu kwa mpenda bustani wa Afrika Mashariki. Hosta inahitaji kulala, na usingizi wake hupatikana kwa baridi ya chini ya nyuzi tano hivi za Selsiasi kwa karibu wiki sita. Julai ya milima yetu inavalisha watu sweta lakini haifiki hapo. Bila baridi hiyo mmea huchipua mdogo zaidi kila msimu hadi ukafa. Inayovumilia joto kuliko nyingine ni ile plantaginea ya China, na hata yenyewe hupenda msimu wa baridi. Anayetaka majani mapana ya rangi kwenye kivuli cha Mombasa au Dar es Salaam atafaidi zaidi kaladiamu, ya jamii ya magimbi, ambayo hulala kwa kukosa maji badala ya kukosa joto.

Wajapani, ambao hosta huota mlimani kwao, huila. Machipukizi ya spishi zenye majani makubwa huitwa urui, na mkoa wa Yamagata huyaotesha ndani ya nyumba za kitalu wakati wa baridi, sehemu ya chini ikinyimwa mwanga ili ibaki nyeupe na laini. Hupitishwa kwenye maji ya moto mara moja, yakaliwa na miso na siki, au hukaangwa kwa unga mwepesi kama tempura. Utelezi wake kidogo unakumbusha bamia. Mbwa na paka hawana bahati hiyo: saponini zilizomo huwatapisha na kuwaharisha.

Hatari ya binadamu ni kufananisha. Kila majira ya kuchipua mamlaka za afya za Japani hutoa onyo, kwa kuwa kuna watu wanaochuma porini mmea uitwao baikeiso, wenye sumu ya kushusha mapigo ya moyo, wakidhani ni urui, na kupika hakuiondoi sumu hiyo. Tofauti iko kwenye jani. La urui lina kikonyo kirefu, na mishipa yake hutoka kwenye mshipa mkuu wa katikati ikaelekea pembeni. La baikeiso halina kikonyo, na mishipa yake hukimbia sambamba kutoka chini hadi ncha.